Pikipiki ya rimoti inaanguka kila kona? Mwongozo kamili wa kurekebisha usukani wake

Wadau, hili swali linarudi kila wiki. Mtu kanunua pikipiki ya rimoti ya mtumba au kajiunga vipande mwenyewe, kafunga sevo (ile mota ndogo inayogeuza usukani), kaunganisha na foku kwa waya mgumu kama wanavyofanya kwenye magari, kaiweka barabarani, mita tano chali. Anaongeza jairo (kifaa cha kuhisi mgeuko na kurekebisha usukani), chali. Anabadilisha tairi, chali tena. Mwisho anasema pikipiki za rimoti hazina maana anaiuza kwa bei ya kutupa.

Shida karibu kila mara ni moja: sevo imeishika foku isitembee yenyewe. Gari lina tairi nne, halianguki, kwa hiyo sevo inaruhusiwa kuamuru tairi ikae nyuzi ngapi na ikae hapo hapo. Pikipiki inasimama kwa sababu foku inacheza muda wote, ikianza kulala kulia tairi ya mbele inageuka kulia yenyewe na kuirudisha juu, ikilala kushoto hivyo hivyo. Ukiifunga na waya mgumu umeinyima hiyo nafasi, lazima ianguke, hata uwe na mkono mwepesi kiasi gani kwenye rimoti.

Kwa hiyo kazi yetu hapa ni kuifanya sevo isukume foku kupitia springi. Inapendekeza tu upande, foku yenyewe ndo inaamua ikae wapi.

Vipimo nitakavyotoa ni vya pikipiki za barabarani za saizi ya 1/5, yaani moja ya tano ya pikipiki halisi, wa 1/8 nitawataja inapobidi. Kama yako ni zile zinazokuja na mfumo wa kielektroniki wa kuisimamisha ndani ya risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti), mfano Losi Promoto-MX, usiiguse kwa mwongozo huu, ule ni muundo mwingine kabisa.

## Vitu vya kuandaa

Vingi utavipata kwa fundi baiskeli na duka la vifaa vya umeme, huna haja ya kuagiza nje.

- Spoki moja ya baiskeli, ile ya kawaida ya milimita 2. Ya chuma, isiwe na kutu wala isiwe imepinda.
- Springi za kalamu za kubonyeza, chukua angalau nne zinazofanana. Utatumia mbili, zingine za akiba.
- Konekta za umeme, ule ukanda wa plastiki mweupe mafundi wanaungia nyaya. Chukua ndogo kabisa. Tunataka kile kishaba cha ndani chenye skrubu mbili.
- Bolti ya M5 fupi pamoja na nati yenye plastiki ndani, ile isiyojifungua yenyewe.
- Kipande cha bati la alumini la unene wa milimita 2, ukubwa wa vidole viwili.
- Washa ndogo mbili zinazopita kwenye spoki lakini springi isizipite.
- Drili na biti za milimita 2 na 2.5 na 5, tupa ndogo, msasa, plaizi ya kukata, rula, uzi na nati ya kuning'iniza.
- Gundi ya nati ya bluu. Isiguse plastiki maana plastiki nyingi inazipasua.
- Mkono wa sevo wa akiba. Angalia meno ya sevo yako kabla hujanunua, Futaba ni meno 25, Hitec nyingi za zamani ni 24, JR na Sanwa ni 23. Mkono wa meno 25 ukiulazimisha kwenye 24 utaingia kwa nguvu alafu utateleza ukiwa kwenye kona.

Sevo yenyewe haihitaji kuwa na nguvu sana. Kinachotakiwa ni irudi katikati vizuri kila mara. Sevo inayorudi leo hapa kesho pale itakutesa kuliko sevo dhaifu.

## Hatua ya 1: Hakikisha foku iko huru

Toa kabisa ule waya wa zamani unaounganisha sevo na foku. Chomoa na nyaya za mota, usifanye kazi hii mota ikiwa na moto, tairi ya nyuma ikijizungusha ghafla cheni inakula kidole.

Sasa shika pikipiki kwa nyuma, tairi ya mbele iguse meza, ilaze taratibu kulia. Foku inatakiwa igeuke kulia yenyewe bila wewe kuigusa. Ilaze kushoto, igeuke kushoto. Iwe laini, isikwame katikati, isisite site.

Kama haigeuki au inageuka kwa kushtuka, usiendelee na hatua nyingine yoyote. Tafuta kwanza sababu, na mara nyingi ni hizi: beringi za shingo (pale foku inapozungukia kwenye fremu) zimekazwa kupita kiasi, au zimejaa grisi nzito iliyoganda, au kuna nyaya za betri zinapita shingoni na zinasukuma foku. Nyaya ndo watu wengi hawaziangalii. Waya mnene wa betri ukikunjwa pale shingoni unakuwa springi ya upande mmoja na pikipiki yako itavuta upande huo siku zote, utatrimu (kusogeza katikati ya sevo kwa rimoti) mpaka uchoke.

Kaza nati ya shingo mpaka mchezo wa mbele na nyuma uishe, alafu ilegeze kidogo sana. Utajua imekaa sawa ukiinua mbele juu na kuipuliza tairi kwa mdomo pembeni, foku inasogea.

## Hatua ya 2: Pima mburuto

Mburuto ni ule umbali ambao tairi inagusa chini ikiwa nyuma ya mstari wa shingo. Ndo unaoifanya tairi ifuate yenyewe, kama gurudumu la mbele la toroli ya supamaketi linavyojipanga nyuma ya mhimili wake ukisukuma. Bila mburuto wa kutosha hizi springi zote tunazoweka ni kazi bure.

Kupima ni rahisi. Simamisha pikipiki wima kwenye meza tambarare. Weka rula ifuate mstari wa katikati ya shingo (shingo yenyewe, sio nguzo za foku, maana nguzo mara nyingi zinakaa mbele kidogo) na iteremke mpaka mezani, weka alama. Alafu ning'iniza uzi wenye nati kutoka katikati ya ekseli ya mbele mpaka mezani, weka alama ya pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ndo mburuto, na alama ya shingo lazima iwe mbele.

Pikipiki halisi za barabarani nyingi zina mburuto wa karibu milimita 100, ukigawa kwa 5 unapata milimita 20, kwa saizi ya 1/8 ni kama 12 au 13. Anzia hapo. Ikizidi kidogo sio mbaya, pikipiki inakuwa tulivu ila nzito kuingia kona. Ikipungua inakuwa na wasiwasi, inatikisa kichwa.

Kuongeza au kupunguza: ukizipandisha nguzo za foku juu kwenye kile kipande kinachozishika, mbele inashuka, foku inasimama zaidi na mburuto unapungua. Ukizishusha, mbele inapanda na mburuto unaongezeka. Sogeza milimita mbili tatu, pima tena. Zote mbili ziwe sawa sawa, upande mmoja ukizidi foku inajipinda na itabana.

## Hatua ya 3: Weka sevo katikati

Washa rimoti, trimu iwe sifuri, alafu washa risiva. Sevo itakaa katikati. Sasa ndo unafunga mkono wake, usimame wima kabisa, pembe mraba na mahali spoki itakapopita. Ukifunga mkono kabla ya kuwasha umeme unabahatisha, na trimu haitoshi kuficha kosa la jino zima.

Kama meno hayakuruhusu kupata wima kamili, geuza mkono upande wa pili au tumia tundu la mkono mwingine. Kinachobaki kidogo ndo malizia kwa trimu.

## Hatua ya 4: Tengeneza mkono wa foku

Kata alumini itoke pembeni ya kile kipande cha chini kinachoshika nguzo za foku. Usifunge kwenye sehemu ya foku inayopanda na kushuka na shokapu, kila shimo la barabarani litakuwa linageuza usukani.

Toboa tundu la milimita 5 umbali wa milimita 20 kutoka katikati ya shingo. Kwa 1/8 fanya milimita 12 hivi. Hapo ndo bolti ya M5 itakaa.

Bolti yenyewe itoboe kwa pembeni, tundu la milimita 2.5 lipite katikati kabisa. Igonge alama kwanza na msumari ili biti isiteleze, ifunge kwenye vaisi, weka tone la oili, drili iende polepole. Tundu likienda pembeni ukuta unabaki mwembamba na bolti inakatika ikianguka mara ya kwanza, toboa nyingine tu, bolti ni rahisi. Ukimaliza pitisha msasa uliokunjwa ndani ya tundu, kingo kali zitaikwaruza spoki na foku itakuwa inakwama.

Ifunge kwenye alumini na nati yake, ila usiikaze mpaka mwisho. Bolti lazima izunguke kwa kidole. Foku ikigeuka, bolti izunguke kwenye tundu lake ili spoki ibaki imenyooka.

## Hatua ya 5: Spoki na springi

Hapa ndo penyewe, nenda taratibu.

Spoki ina kichwa na kona ya karibu nyuzi 90 upande mmoja. Hiyo kona ndo ndoano yetu. Kata kwanza ule upande wenye meno ya skrubu, maana ni mnene kuliko spoki yenyewe. Toboa tundu la mkono wa sevo kwa biti ya milimita 2, pitisha upande uliokata kwanza, vuta spoki yote mpaka kona ikae kwenye tundu. Kichwa kinaizuia kuchomoka. Iwe inazunguka laini bila kuwa na mchezo.

Toa vishaba viwili kwenye konekta kwa kulegeza skrubu na kuvisukuma vitoke kwenye plastiki. Sasa vaa vitu kwenye spoki kwa mpangilio huu kutoka upande wa sevo: kishaba, washa, springi, alafu spoki inapita kwenye tundu la bolti, alafu springi ya pili, washa, kishaba cha pili. Yaani bolti iko katikati na springi zinaisukuma kutoka pande zote mbili.

Springi za kalamu ni ndefu kuliko tunavyohitaji. Kata ziwe na milimita 12 hadi 15, zote mbili urefu mmoja, na ule upande uliokata ndo uegemee washa ili ncha isichome.

Sevo ikiwa imewashwa na iko katikati, foku ikiwa imenyooka, sogeza vishaba mpaka springi ziguse tu. Ziguse, zisibanwe. Ukizibana unarudi kule kule kwenye waya mgumu. Kaza skrubu za vishaba, kata spoki inayozidi ubakize kama sentimita moja na nusu, weka tone la gundi ya bluu kwenye skrubu.

Kipimo cha kufanikiwa: inua tairi ya mbele, vuta rimoti mpaka mwisho upande mmoja. Foku iende upande mmoja (upande upi, tutaona hatua ya 6), na springi inayobanwa ifinye kama nusu ya urefu wake, isifungane kabisa. Sasa ukiwa bado umeishikilia rimoti, sukuma tairi kwa kidole kimoja kurudi katikati na kupita mpaka upande wa pili. Iende bila kupambana na sevo isilie. Ukipata hivyo umefaulu sehemu ngumu kuliko zote.

Kama springi zinafungana kabisa kabla hujafika, punguza mwendo wa sevo (umbali inaosogea) kwenye rimoti au tumia tundu la mkono wa sevo lililo karibu na katikati.

Faida nyingine ambayo watu wanaigundua baadaye, pikipiki ikianguka mshtuko unamalizikia kwenye springi, meno ya sevo yanabaki salama.

## Hatua ya 6: Upande, upande, upande

Hatua fupi lakini ndo inayoangusha wengi. Ukivuta rimoti kulia, tairi ya mbele isukumwe KUSHOTO. Ndio, kinyume.

Sababu yake dereva yeyote wa bodaboda anaifanya kila siku hata kama hajawahi kuisema. Ukiwa kwenye mwendo na unataka kwenda kulia, unasukuma mkono wa kulia wa usukani mbele kidogo. Tairi inaelekea kushoto kidogo sana, pikipiki inalala kulia, alafu foku yenyewe inageuka kulia kufuata kona. Sevo yetu inafanya ule msukumo wa kwanza tu, mengine foku inamaliza, na ndo maana ilibidi iwe huru.

Kwa hiyo ukiwa mezani ukaona tairi inaenda kinyume na rimoti usiguse kitu. Ikiwa inaenda sawa na rimoti, geuza upande kwenye rimoti kwa ile swichi ya kugeuza chaneli.

## Hatua ya 7: Dampa, kama inahitajika

Usiweke kabla ya kujaribu. Ila ikiwa pikipiki ikikolea mwendo inaanza kutikisa kichwa haraka haraka kushoto kulia, hapo weka dampa.

Njia nzuri ni kuchukua shokapu ndogo ya gari la rimoti, toa springi yake, acha oili, funga upande mmoja kwenye fremu na mwingine kwenye foku. Oili ikiwa nyepesi ni bora kuanzia. Wengine wanakaza tu nati ya shingo au kuweka washa ya ngozi ili ibane, mimi sikushauri kabisa. Msuguano mkavu unaishika foku hata ikitaka kusogea taratibu, na yale masogeo madogo ya taratibu ndo yanayoisimamisha pikipiki. Oili inafanya tofauti, foku ikienda taratibu inaiachia, ikienda kwa kasi inaizuia, na kinachotikisa kichwa ni kasi.

Ukimaliza rudia jaribio la hatua ya 1 ukiwa umeitoa spoki. Foku ikiwa bado inaanguka yenyewe upande unaolaza, dampa iko sawa.

## Hatua ya 8: Rimoti

Mwendo wa sevo anzia asilimia 60 pande zote. Ekspo (mpangilio wa rimoti wa kulainisha katikati) weka asilimia 30 hivi ili katikati pawe laini, uelekeo wa alama ya kujumlisha au kutoa unategemea rimoti, wewe angalia tu sevo isogee kidogo unapoanza kuvuta. Jairo izime. Hasa ile inayong'ang'ania uelekeo, hiyo inapigana na pikipiki inapotaka kulala, utakuwa hujui kinachoangusha ni nini.

Na weka ulinzi wa kupotea kwa mawimbi, gesi iende sifuri rimoti ikizima. Jaribu kwa kuzima rimoti tairi ya nyuma ikiwa hewani. Pikipiki ya 1/5 ikikukimbia inaumiza mtu kweli.

## Hatua ya 9: Jaribio la barabarani

Tafuta lami au zege safi, pana, pasipo na watoto wala magari. Uwanja wa netiboli wa shule siku ya mapumziko unafaa sana. Mchanga juu ya lami ni adui, fagia kama unaweza.

Kabla ya mota, isukume kwa mkono. Kimbia nayo, iachie. Ikitembea mita kadhaa imesimama, hata kama inaenda inapotaka, foku inafanya kazi yake. Ikianguka papo hapo upande ule ule kila mara, angalia nyaya na springi, kuna kitu kinavuta.

Alafu mota. Ifikishe haraka kwenye mwendo wa mtu anayekimbia, maana polepole sana pikipiki haina cha kuisimamisha. Weka na vile vyuma vya pembeni vinavyoizuia kulala chini kabisa, vitakuokolea vioo na rangi. Nenda mstari ulionyooka kwanza na utrimu. Kona baadaye, kubwa kubwa, ukigusa rimoti na kuiachia badala ya kuishikilia mpaka mwisho.

Kwenye kona ukiachia gesi kidogo inalala zaidi na kukaza kona, ukiongeza inanyanyuka na kupanua. Jifunze hili mapema kwa sababu nusu ya usukani uko kwenye gesi. Breki ya mbele usiitumie ikiwa imelala.

## Bado inasumbua?

Inagoma kuingia kona, unavuta mpaka mwisho inaenda moja kwa moja: springi laini mno au sevo inasogea kidogo. Ongeza mwendo wa sevo kwa asilimia 5, ukifika 90 bado, kata springi pete mbili iwe ngumu zaidi na usogeze vishaba.

Inaingia kona vizuri ila hainyanyuki, inaendelea kulala mpaka chini: foku imebanwa au mburuto ni mdogo. Rudi hatua ya 1 na 2. Wengi wanakimbilia springi hapa, sio springi.

Inayumba taratibu kama mlevi kwenye mstari ulionyooka: springi zimebanwa katikati, au sevo hairudi sehemu moja. Legeza vishaba milimita moja, ikiendelea badilisha sevo.

Inakata kulia vizuri na kushoto kwa shida: springi hazilingani, au betri imekaa upande mmoja. Isimamishe kwenye tairi zake ukiishika kwa kidole juu ya siti, uone inaelemea wapi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja alafu jaribu. Ukibadilisha springi na mburuto na rimoti kwa pamoja, ikipona hujui kilichoiponya, ikizidi hujui kilichoiharibu.

Kila ukimaliza kuchezea angalia skrubu za vishaba na ile nati ya M5, vinapenda kulegea mwanzoni mpaka gundi ishike vizuri. Springi za kalamu nazo zinachoka, zikianza kuwa fupi kuliko zile za akiba badilisha zote mbili kwa pamoja, usichanganye mpya na ya zamani.